UZI: Hasira za watoto wadogo, miaka 1 hadi 6. Kabla hazijawaka, zikiwaka, na zikishatulia

MwlAwali #1

Habari za jioni wakuu. Swali la "mwanangu ana hasira kali, nifanyeje" limeulizwa humu mara nyingi na majibu ni yaleyale mawili: mtie bakora, au mwache, akikua ataacha. Naweka uzi mmoja wenye mambo ya kufanyika. Wenye taaluma ya afya na malezi, karibuni mrekebishe na muongeze.

Nianze na umri, maana watu wanamdai mtoto wa miaka 2 kitu ambacho hata wa miaka 5 anakipata kwa tabu.

Miezi 12 mpaka 18, hasira ni ya mwili mtupu. Kanyang'anywa kijiko, kafungwa mgongoni wakati anataka kutembea, anajinyoosha kama ubao na kupiga kelele. Hapa hakuna somo. Mbadilishie kitu au mahali, yameisha.

Miaka 2 na 3 ndiyo kilele. Anajua kabisa anachotaka lakini maneno ya kukieleza hana, na ile sehemu ya mbele ya ubongo inayosema "subiri kidogo" ndiyo kwanza inajengwa (haitakamilika mpaka apite miaka ishirini). Kujitupa chini, kugaragara, kurusha viatu, kuuma, vyote ni vya umri huu.

Miaka 4 anaweza kusema "nimekasirika" akikumbushwa. Miaka 5 na 6, akiwa ametulia, anaweza kutaja njia mbili za kumaliza ugomvi wa mpira. Akiwaka anarudi kuwa wa miaka 3, msishangae.

Sasa lililonifanya nifungue uzi. Mtoto hafundishwi kitu akiwa analipuka. Mafunzo yana nafasi kubwa kabla na nafasi ndogo baadaye. Pale katikati kazi yako ni usalama, na kuufunga mdomo wako mwenyewe.

La mwisho kwa leo ni saa. Mwaka 1931 mtafiti Florence Goodenough wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alichapisha kazi ambayo wazazi waliandika kwenye daftari kila mlipuko wa hasira wa watoto wao nyumbani. Milipuko ilijazana kabla ya mlo wa mchana na kabla ya mlo wa jioni. Karibu karne imepita, na ukikaa kwenye chekechea isiyo na uji wa saa nne utaona kitu hichohicho ikifika saa tano na nusu. Kabla hujatafuta tabia, tafuta njaa na usingizi. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 1 na 2 anahitaji saa 11 mpaka 14 za usingizi kwa siku, wa miaka 3 na 4 saa 10 mpaka 13, ukijumlisha na ule wa mchana. Anayelala saa nne usiku kwa sababu sebuleni kuna tamthilia, kisha anaamshwa saa kumi na moja na nusu awahi gari la shule, huyo anadaiwa usingizi. Msimwite mkorofi.

Kigingi_cha_Jadi #2

Mwalimu, haya mambo ya Kizungu. Sisi tulichapwa na tumekuwa watu. Mtoto akijitupa chini, fimbo mbili tu, hajitupi tena.

MwlAwali #3

Mkuu Kigingi, Uzungu tuuweke pembeni, tuangalie kinachotokea. Mtoto kajitupa, umemchapa, kanyamaza. Nani kajifunza? Wewe umejifunza kwamba fimbo inanyamazisha, kwa hiyo kesho utaishika mapema zaidi. Yeye kajifunza kunyamaza ukiwepo. Hasira haijaenda kokote, ataimalizia kwa mdogo wake chumbani, au kwa paka. Na swali lake halijajibiwa: nikikasirika, mikono yangu niipeleke wapi? Alichokiona kwa macho ni mkubwa mwenye hasira akimpiga mdogo, na watoto wa umri huu hushika wanachokiona kuliko wanachoambiwa.

Ila nisieleweke vibaya. Kutomchapa si kumwachia. Mtoto akiinua mkono kupiga, mkono unashikwa hewani, palepale, kila mara, hata kama mgeni yuko.

Shangazi_Mbezi #4

Kuna jambo tunalifanya wote bila kufikiri. Mtoto kajigonga kwenye meza, analia. Bibi anakuja mbio: "Nani kakupiga? Meza? Meza mbaya hii! Tuichape!" Pa, pa, pa, mtoto anacheka, kila mtu anafurahi. Amefundishwa nini hapo? Kwamba ukiumia lazima yupo mwenye kosa, na dawa ya mwenye kosa ni kipigo. Akifika shuleni akasukumwa kwa bahati mbaya kwenye foleni ya bomba, anajua la kufanya.

Badala yake: "Umejigonga goti. Linauma. Tupulize." Maneno manne, umetaja kilichotokea, umetaja maumivu, hakuna wa kulipiziwa.

Na lile la kumcheka mtoto wa mwaka mmoja na nusu anapomzaba kofi mjomba, "mwoneni alivyo na hasira huyu, kama babu yake!" Mkicheka leo msimpige kwa kitu hichohicho akifika miaka 3. Kwake sheria imebadilika ghafla bila tangazo.

BabaPacha #5

Mnanena vizuri. Lakini mimi nataka hatua. Wa miaka miwili na nusu yuko sakafuni anarusha miguu, ninafanya nini?

AfisaMalezi #6

> ninafanya nini?

Nakujibu kwa mpangilio, Baba Pacha.

Kwanza macho, kabla ya mdomo. Kuna jiko, ndoo ya maji, kona ya kabati, ngazi? Kama ipo hatari mbebe kwa kupitisha mikono chini ya kwapa, mgongo wake ukielekea kifuani kwako. Ukimbeba uso kwa uso utapigwa kichwa cha pua na wewe utawaka. Kama hakuna hatari, mwache palepale alipo, sogeza vitu.

Pili, shuka chini. Chuchumaa au kaa sakafuni, hatua moja kutoka alipo, ubavu wako ukiwa upande wake. Kumsimamia ukiwa wima kunamtisha, na kumkazia macho ni kama kumwalika mpambane.

Tatu, sentensi moja fupi, sauti ya chini kuliko yake: "Umekasirika. Ulitaka kisu. Nipo hapa." Basi. Usiulize "kwa nini unalia?", hana jibu. Usiahidi kitu, usitishe, usihesabu makosa ya wiki nzima. Ukisikia sentensi yako imefika neno la kumi, ikate.

Nne, subiri, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Michael Potegal na Richard Davidson, watafiti wa Marekani waliochapisha mwaka 2003, walikuta kwamba robo tatu ya milipuko huisha ndani ya dakika 5. Kwa mzazi aliyesimama pale dakika 5 ni kama saa nzima, ndiyo maana tunaingilia kati dakika ya pili na kuiwasha upya.

Watafiti hao walionyesha pia kwamba mlipuko mmoja una vitu viwili ndani yake. Hasira (kupiga teke, kurusha, kupayuka) hupanda haraka mwanzoni kisha hushuka. Huzuni (kwikwi, kulalama, kutaka kushikwa) inabaki hata hasira ikiisha. Kwa hiyo sikiliza sauti. Kikiwa bado ni kile kilio kikali cha kukwaruza, mikono yako isimguse bila sababu. Kikigeuka kuwa kilio cha mdomo wazi chenye kwikwi, au akianza kukutazama, au akanyoosha mikono, mchukue sasa. Ukimkumbatia dakika ya kwanza anakusukuma, nawe unasema "mtoto huyu hapendi kubembelezwa". Anapenda, ila uliwahi mno.

Tano, mpe maji vikombe viwili vitatu vya kijiko, mfute uso, endeleeni na siku. Hotuba hapana.

BabaPacha #7

"Maji vikombe vya kijiko" ndiyo nini mkuu 😄

AfisaMalezi #8

Haha, vidole vimeteleza. Mafunda mawili matatu ya maji.

Mama_Wawili #9

Na dukani je? Anaona pipi pale kaunta, unasema hapana, anaangua kilio mpaka foleni nzima inakugeukia. Ukimpa ananyamaza sekunde ileile.

AfisaMalezi #10

Ananyamaza, ndiyo, na wote wawili mmelipwa: yeye pipi, wewe utulivu. Kwa hiyo mtarudia.

Kibaya kuliko kumpa kila siku ni kumpa mara moja moja. Wanaocheza zile mashine za kamari za sarafu mtaani wanajua: ingekuwa haitoi kabisa watu wangeondoka, ingekuwa inatoa kila mara watu wangechoka. Inayotoa kwa kubahatisha ndiyo inayomganda mtu. Mtoto aliyepata pipi mara moja katika vilio vinane atalia kwa bidii kuliko aliyepata zote nane.

Ukiamua kuacha kutoa, jua kwamba siku chache za mwanzo kilio kitapanda. Kama kibatari kinachokaribia kuisha mafuta, kinaruka mwali kabla hakijazima. Wazazi wengi hukata tamaa siku hiyohiyo ya mwali, wanatoa pipi, na hapo wamemfundisha kwamba bei ya pipi imepanda, sasa inahitaji kilio cha dakika 15. Ukijijua leo huna nguvu (umetoka kazini, mvua, dada hayupo), bora useme ndiyo mwanzoni kabla hajalia. Ndiyo ya mwanzo haina madhara. Ndiyo ya dakika ya kumi ndiyo inayokugharimu.

Kabla hamjaingia dukani mwambie mnakwenda kununua nini, mpe kazi ya kubeba sabuni, na kama kuna kitu atapata kitaje kabla: "Leo ndizi moja, pipi hakuna."

Mwl_PP1 #11

Nachangia kutoka Kenya, darasa la PP1 (mwaka wa kwanza wa elimu ya awali), watoto wa miaka 4. Upande wa maneno naona haujaguswa.

Sisi Waswahili tuna maneno mengi ya hali za moyo lakini watoto tunawapa moja tu, "hasira". Kila kitu kinaingia kwenye gunia hilo. Mtoto aliyenyang'anywa, aliyeona wivu, aliyeaibishwa mbele ya wenzake, aliyechoka, wote tunawaambia "acha hasira". Mimi ningeanza na matatu tu, *nimekasirika, nimehuzunika, nimeogopa*. Wakishazoea wiki mbili tatu ongeza *nimeudhika, naona wivu, naona haya, nimechoka*. Tofauti ya kuudhika na kukasirika wanaishika vizuri kupitia maziwa kwenye sufuria, maana wamewahi kuyaona nyumbani. Chora sufuria nne ubaoni: maziwa yametulia, yana joto, yanatoa povu pembeni, yamefurika na kuzima jiko. "Wewe sasa uko sufuria ipi?" Mtoto asiyeweza kueleza atanyoosha kidole. Kisha swali la maana: mama akiona povu hufanya nini? Watakwambia wenyewe, anapunguza moto au anaepua. Yakishafurika kinachobaki ni kupangusa.

Halafu dalili za mwili. Hasira ya mtoto huanza mwilini kabla hajajua. Waulize wakiwa wametulia: ukikasirika mikono inafanyaje? Ngumi. Meno? Yanauma. Uso? Moto. Wengine tumbo linakaza. Kila mtoto ana yake, mmoja wake ni miguu, anaanza kupiga mchanga. Ukishaijua ya kwake unaweza kumwambia kwa sauti ndogo "naona ngumi" yakiwa bado povu.

Kigingi_cha_Jadi #12

Hii ya maziwa nimeielewa.

Mwl_PP1 #13

Karibu mzee. Sasa njia mbili za kushusha moto. Zote zinafunzwa asubuhi wakiwa wanacheka, si wakati wa vita.

*Kupuliza uji.* Viganja viwili vinakuwa bakuli. Nusa uji kwa pua, hesabu mbili. Puliza polepole upoe, hesabu nne. Mara nne, inatosha. Siri iko kwenye kupuliza: pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, hiyo ndiyo inayopunguza mbio za moyo. Kosa la kawaida ni watoto kupuliza kwa kasi kama wanawasha mkaa, mpaka kizunguzungu. Waambie uji utamwagika. Kosa la pili ni mwalimu kupayuka "pumua! pumua!" kwa mtoto ambaye tayari yuko chini. Anayelia kwa nguvu hawezi kupanga pumzi, na ukimlazimisha ataichukia njia yenyewe. Chini ya miaka 3 usitegemee aifanye peke yake, mpulizie wewe mbele yake.

*Kobe.* Hii ilitengenezwa Marekani miaka ya 1970 na Marlene Schneider na Arthur Robin kwa ajili ya watoto wa shule waliokuwa wakilipuka darasani, na imezunguka dunia. Watoto wetu kobe wanamjua, na walioenda Changuu kule Zanzibar wamemwona akirudisha kichwa ndani. Hatua zake: (1) natambua nimekasirika, (2) najiambia "simama", (3) naingia kwenye gamba, yaani mikono inakumbatia kifua, kidevu chini, macho nafumba, napuliza mara tatu, (4) natoka nikishatulia, natafuta njia. Hatua ya nne ndiyo inayosahauliwa. Mtoto akitoka gambani akakuta hakuna njia yoyote, mpira bado uko kwa mwenzake, kesho haingii tena. Kwa hiyo ukutani weka picha za njia zisizozidi nne: omba zamu, badilishana, cheza pamoja, mwite mwalimu.

Mazoezi ni dakika 3 kila siku kwa wiki mbili, kwa kikaragosi cha soksi. Kikaragosi ndicho kinachokasirika, watoto ndio wanaokifundisha. Na mtoto yeyote akiingia gambani mwenyewe hata nusu nusu, mtaje palepale: "Nimeona umeingia gambani badala ya kumsukuma." Taja alichofanya. "Good girl" peke yake haimwambii kitu.

Mama_Wawili #14

Kuna mahali niliambiwa mtoto apewe mto aupige ngumi mpaka hasira zimwishe. Vipi hilo?

AfisaMalezi #15

Achana nalo. Brad Bushman alilipima mwaka 2002 kwa wanafunzi wa chuo: waliopiga mfuko wa ngumi huku wakimfikiria aliyewaudhi walibaki na hasira nyingi kuliko waliokaa tu kimya. Kwa mtoto ni mazoezi ya kupiga. Kukimbia mpaka kwenye mwembe na kurudi, kukanda unga, kuchota mchanga, kuchana karatasi za zamani, hizo sawa, kwa sababu mwili unachoka na hakuna adui anayepigwa.

Nyongeza kuhusu kona ya utulivu: mkeka, mto, vitabu viwili vya picha, mahali anapoonekana. Anakwenda kwa hiari au mnakwenda wote. Siku utakayosema "nenda kwenye kona yako!" kwa ukali, kona imekufa, imekuwa jela. Kumtenga kama adhabu ni kitu kingine: kwa aliyefikisha miaka 3, kwa kupiga au kuuma tu, dakika 2 au 3, palepale tukio likiisha, bila mahubiri. Kumfungia chumbani au chooni, hapana kabisa.

NesiWaKliniki #16

Naomba nichangie upande wa afya, maana kuna hasira ambazo dawa yake haiko kwenye malezi.

1. Masikio. Mtoto aliyegeuka mkali ghafla ndani ya siku chache, anavuta sikio, hasikii akiitwa kwa nyuma: apimwe. Asiyesikia vizuri huonekana mkaidi, kumbe hajakusikia, anashtukia tu ameshikwa mkono.

2. Kuchelewa kusema. Wa miaka 2 asiyeunganisha maneno mawili ("mama maji") apelekwe aangaliwe. Asiye na maneno anatumia meno.

3. Damu. Upungufu wa madini ya chuma humfanya mtoto awe mchovu na mwepesi wa kukereka. Kwa mtoto wa miaka 2 mpaka 4, himoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu. Chai ya rangi pamoja na mlo huzuia chuma kufyonzwa, na hii nyumba nyingi hazijui. Mpe maji, na kipande cha chungwa au embe, ambavyo husaidia. Dawa za minyoo zisirukwe zikipita. Vidonge au sharubati ya chuma asipewe bila kupimwa, na vifungiwe mbali, ikizidi ni sumu kwa mtoto.

4. Kukauka. Mtoto anakasirika au kuumia, analia, anatoa pumzi yote, haivuti tena, midomo inakuwa ya bluu, analegea, wakati mwingine anajikunja sekunde chache. Wengi hudhani ni degedege au mambo ya kurogwa. Huwapata zaidi kati ya miezi 6 na miaka 6. Mlaze ubavu mahali tambarare, usimwagie maji, usimtikise, usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Huwa inaisha yenyewe ndani ya dakika moja. Mara ya kwanza lazima aonwe na daktari, na damu ipimwe, kwa sababu wenye upungufu wa chuma wakitibiwa hali hii hupungua sana. Ikitokea bila kilio wala maumivu, akiwa usingizini, akiwa chini ya miezi 6, ikipita dakika moja, au kukiwa na homa, hiyo ni dharura, usisubiri.

Na baada ya hapo msimwogope mtoto. Nyumba ikiishi kwa "mpe tu asije akakauka", ndani ya mwezi yeye ndiye mwenye nyumba.

DadaWaMalezi #17

Nesi, anayegonga kichwa ukutani kwa hasira?

NesiWaKliniki #18

Weka kiganja chako au mto katikati, bila maneno wala mshtuko usoni, kisha endelea na hatua za #6. Watoto wadogo wengi hupita hapo. Akijiumiza mpaka uvimbe au damu, au akifanya hivyo kwa muda mrefu hata asipokasirika, mlete.

BabaPacha #19

Simu. Hatujaongelea simu. Ukiipokonya ni vita.

Mwl_PP1 #20

Simu ina tabia yake, haina mwisho. Katuni moja ikiisha nyingine inaanza yenyewe, kwa hiyo kila ukizima unakuwa umemkatisha katikati. Zima kwanza ule mpangilio wa kujicheza yenyewe. Kubalianeni idadi ya katuni, si dakika, maana mtoto wa miaka 3 hajui dakika tano ni nini. "Mbili, halafu tunaoga." Ya pili ikiisha, yeye mwenyewe abonyeze kuzima. Ratiba iwe ileile kila siku. Na kile kinachofuata kiwe kitu, si utupu: beseni la maji limeshawekwa, kikombe cha kumwagia kipo.

Msidanganye "batri imeisha". Ataona unapokea simu dakika mbili baadaye.

Jambo kubwa ni kutompa simu kama dawa ya kilio. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa mwaka 1 asikae mbele ya skrini kabisa, wa 2 mpaka 4 isizidi saa moja kwa siku. Lakini hata ndani ya saa hiyo, ukimpa kila anapolia hapati nafasi ya kujifunza kushuka mwenyewe.

DadaWaMalezi #21

Darasani kwetu wako 30 na msaidizi mmoja. Kuna anayeuma wenzake, miaka miwili na nusu. Wazazi wa wengine wamekuja juu, wanataka afukuzwe.

MwlAwali #22

Pole dada. Kuuma kunashika kasi hasa kati ya mwaka mmoja na miwili na nusu. Likitokea: watenganishe, mwendee aliyeumwa kwanza. Osha jeraha kwa maji na sabuni, kama ngozi imechanika aonwe na mtu wa afya. Kwa aliyeuma, sentensi moja uso ukiwa mkavu: "Kuuma kunaumiza. Meno ni ya chakula." Ukimvamia yeye kwanza na kumpa dakika kumi za makelele, umempa umakini wako wote kama zawadi. Kumwuma na yeye "aone inavyouma" kusifanyike hata kwa mzaha.

Halafu upelelezi. Siku 10, daftari lenye safu tano: saa, yuko wapi na nani, nini kilitangulia, alifanya nini, ninyi mlifanya nini. Msiandike "alikuwa mkorofi", andikeni "Ali alichukua gari jekundu". Mara nyingi siku ya tano picha inaanza kujitokeza: ni foleni ya kunawa, ni saa tano, ni kile kiti cha bembea kimoja kinachogombewa na watoto 30. Ukiona hivyo punguza foleni (waende sita sita), ongeza idadi ya kile kinachogombewa, msaidizi akae umbali wa mkono mmoja kutoka kwake katika saa hiyo tu. Wazazi waambiwe mnachofanya, bila kutaja jina la mtoto.

Shangazi_Mbezi #23

Na nyumbani, mama, baba, bibi na dada wa kazi wakubaliane sentensi moja na jambo moja la kufanya. Mfano: "Mikono si ya kupigia", mkono unashikwa. Iandikwe ibandikwe kwenye friji. Mama akikataza na bibi akitoa biskuti kwa siri, tumerudi kwenye kamari ya #10. Bibi msimgombeze mbele ya mtoto, mpeni kazi yake ya kumbembeleza baada ya kilio kuisha, hiyo anaiweza kuliko wote.

Na "mtoto wa kiume halii" iachwe. Ukimkataza huzuni, anabaki na hasira peke yake ya kutumia.

Mama_Wawili #24

Nitajuaje sasa kwamba imepita kawaida?

NesiWaKliniki #25

Milipuko ambayo kwa kawaida yake inapita dakika 25. Mara 5 au zaidi kwa siku, siku nyingi. Kujiumiza makusudi. Kuumiza watu au kuvunja vitu karibu kila anapolipuka. Kushindwa kabisa kutulia bila mtu mkubwa. Au amefika miaka 5 na bado ni kama wa miaka 2. Pia mtoto aliyekuwa mtulivu akabadilika ghafla, akaanza kukojoa kitandani tena na kuogopa mtu fulani: hapo usiulize tabia, uliza nini kimempata. Anzia kliniki ya watoto, mwombe rufaa. Afisa ustawi wa jamii yupo halmashauri. Namba ya simu kwa mtoto, 116, ni bure, Tanzania na Kenya pia.

Kigingi_cha_Jadi #26

Swali la mwisho. Akishatulia, si lazima aombe msamaha? Au nayo mmeifuta?

MwlAwali #27

Hatujaifuta mzee. Ila "sema samahani! sema!" huku umemshika shingo, anachokisema ni neno la kufungulia mlango. Wa miaka 2 na 3 mpe kitu cha kurekebisha kwa mikono: aokote alivyorusha (viwili yeye, vingine mnasaidiana), amletee mwenzake maji au kitambaa chenye maji baridi. Wa miaka 4 na kuendelea, ngoja ziishe dakika 20 hivi, ale kwanza, halafu maswali matatu mafupi: ilikuwaje, mwenzako alijisikiaje, kesho gari likichukuliwa utafanyaje. Akijibu la tatu, igizeni palepale, wewe uwe Ali, yeye aombe zamu.